Mwenda Tezi na Omo: Siku Moja Ndani ya Queen Elizabeth 2



Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi ya uuguzi, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kati ya wodi, jiko langu na kanisa. Sikutazamia kwamba siku moja ningeandika habari za meli. Lakini Februari 2024 nilikwenda Dubai kumwona kifungua mimba wangu, naye akanipeleka ndani ya meli moja yenye historia ndefu. Alikuwa na sababu yake. Niliyoyaona humo yalinibadilisha shauri, na kwa kuwa najua wengi wetu tuna watoto walio mbali, au wanaotaka kwenda mbali, nimeona si vema niyanyamazie.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka 23. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani mwaka mzima akipeleka barua za kuomba kazi huku na huko, mpaka akachoka. Mwishowe alipata kazi Dubai, katika chumba cha udobi cha hoteli moja. Kwa kusema kweli, akina mama wenzangu, sikuifurahia kazi hiyo. Katika Umoja wa Wanawake wa kanisa letu walipouliza mtoto yuko wapi, nilijibu, "Yuko Dubai, hotelini," kisha nikageuza mazungumzo. Neno dobi halikutoka kinywani mwangu hata siku moja.

Kisha, Desemba 2023, akapiga simu. Amepata nafasi katika meli ya kitalii. Kazi ni ileile ya udobi, ila sasa itakuwa baharini, miezi tisa mfululizo, na mshahara ni mzuri kuliko anaoupata. Mkataba bado hajautia sahihi. Alitaka kwanza ruhusa yetu.

Baba yake alinyamaza kwa muda, halafu akaniambia, "Mama watoto, nenda ukamwone. Utakalolisema wewe ndilo nitakalolisema mimi." Mimi moyoni nilikwisha kuamua. Nilifunga dagaa, unga wa muhogo na kanga mbili mpya, na pamoja navyo nikachukua jibu langu: hapana.

Bandari ya majahazi

Sisi wa Tanga hatuogopi bahari kwa kutoijua. Babu yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia habari za majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi kutoka Ghuba, yakileta tende na samaki wa chumvi, na kurudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Boriti hizo zilikwenda kuezekea nyumba katika nchi isiyo na miti. Babu alikuwa na methali aliyoipenda: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa yanakokusanyika maji ya kutekwa na kumwagwa. Utatembea nyuma, utatembea mbele, lakini mwisho utarudi chini kulekule kwenye kazi yako. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya wavuvi tu.

Siku ya pili baada ya kufika, binti yangu alinipeleka kwenye hori linaloingia katikati ya mji wa Dubai. Nilistaajabu kuyaona majahazi ya mbao bado yamejipanga gatini, yakipakia majokofu, magurudumu na magunia ya mchele. Kwenye basi tulisikia Kiswahili nyuma yetu: vijana wawili wakibishana habari za mpira kama vile wako Ngamiani. Nikajisikia nyumbani kidogo.

Tukiwa hapo ndipo binti yangu aliponiambia, "Mama, kesho nina siku ya mapumziko. Kabla hujanijibu, nataka nikuonyeshe meli. Nataka unijibu ukiwa umeiona kwa ndani."

Nilimkubalia. Kuiona meli hakukunigharimu chochote, na jibu langu lilikuwa mfukoni.

Mkasi wa bibi, mama na mjukuu

Meli yenyewe imefungwa kwenye gati la Mina Rashid. Ni Queen Elizabeth 2, ambayo watu wengi huiita kwa kifupi QE2. Ukiiona kwa mbali unadhani ni mtaa mzima wa maghorofa: ubavu wa rangi nzito, juu yake nyumba nyeupe, na katikati dohani moja jekundu. Urefu wake ni mita 293, yaani karibu viwanja vitatu vya mpira vikiunganishwa. Haisafiri tena. Tangu Aprili 2018 ni hoteli, na mgeni asiyelala humo anaweza kuingia pamoja na mtembezaji akaonyeshwa.

Mtembezaji wetu alikuwa kijana mwenye sare na sauti ya upole. Alianza na habari ambayo mwanamke yeyote ataikumbuka.

Meli hii ilijengwa Clydebank, katika Scotland, kwenye kiwanda cha John Brown, kwa ajili ya kampuni ya Cunard. Kiwanda hichohicho ndicho kilichokuwa kimejenga Queen Mary, iliyoshushwa majini mwaka 1934, na Queen Elizabeth ya kwanza, iliyoshushwa mwaka 1938. Queen Mary ilizinduliwa na Malkia Mary mwenyewe. Queen Elizabeth ilizinduliwa na mkwe wake, Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, na siku hiyo binti yake wa miaka 12 alikuwa amesimama karibu naye akitazama. Binti huyo ndiye aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Tarehe 20 Septemba 1967 ilipofika zamu yake kuizindua meli hii, alikata utepe kwa mkasi uleule wa dhahabu waliotumia bibi yake na mama yake.

Binti yangu alinitazama, akatabasamu. Nami nikakumbuka sanduku langu la ushonaji, na mkasi mweusi aliouacha marehemu mama yangu, ambao binti huyu huyu ameushika tangu akiwa na miaka saba. Malkia wa Uingereza na mwanamke wa Tanga kumbe hufanana kwa jambo moja: kila mmoja hukabidhiwa chombo na mama yake, na mtoto akisimama pembeni akitazama.

Njia zake baharini

Ilipoanza kujengwa mwaka 1965, wengi walidhani kampuni ile imepotewa na akili. Zamani mtu wa Ulaya akitaka kwenda Marekani hakuwa na njia ila meli. Lakini tangu ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1958, safari ya siku tano ikawa ya saa chache, na meli kubwa za abiria zikaanza kukosa watu, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wahandisi waliijenga QE2 kwa kazi mbili. Wakati wa kiangazi ingevuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kama meli za zamani. Wakati wa baridi, bahari ya kaskazini inapochafuka, ingekwenda kutembeza watalii kwenye nchi za jua.

Hapo palikuwa na hesabu ya makini. Mfereji wa Panama, kwa milango yake ya zamani, ulikuwa na upana wa mita 33 na nusu. Meli hii ikapewa upana wa mita 32. Queen Mary na Queen Elizabeth ya kwanza hazikuweza kupita pale kwa ukubwa wao, hii iliweza. Mtembezaji alituonyesha kwa viganja vyake nafasi iliyobaki kila upande, na mama mmoja wa Kihindi tuliyekuwa naye akashika shavu.

Safari yake ya kwanza na abiria ilianza tarehe 2 Mei 1969, kutoka Southampton kwenda New York. Mwaka 1975 ilizunguka dunia kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo safari hizo zikawa desturi yake karibu kila mwaka: kupita Panama kuingia Pasifiki, kugusa visiwa na bandari za Mashariki ya Mbali au Australia, kisha kurudi kwa Bahari ya Hindi, ama kwa Mfereji wa Suez ama kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Miaka ya mwanzo iliendeshwa kwa mvuke. Kati ya 1986 na 1987 ilipelekwa Bremerhaven, Ujerumani, injini za mvuke zikatolewa, zikatiwa injini tisa za dizeli za kuzalisha umeme wa kuizungusha. Baada ya hapo iliweza kukata maili za baharini 28 na nusu kwa saa siku nzima bila kuchoka.

Haikuwa raha tupu. Mwaka 1992 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, Marekani, ikakwaruzwa tumbo. Tarehe 11 Septemba 1995, katikati ya Atlantiki, kimbunga kiitwacho Luis kiliiletea wimbi la kimo kinachokaribia mita 29. Nahodha aliielekeza omo ya meli kwenye wimbi lile, nalo likaipiga usoni, meli ikazama mbele na kuinuka tena. Niliposikia hivyo jibu langu la mfukoni likawa zito zaidi. "Umesikia?" nikamwuliza binti yangu. Akasema, "Nimesikia, Mama. Na ilifika New York."

Mwaka wa vita

Tulipanda ngazi hadi kwenye sitaha ya mbao za msaji, msaji kama ule wa Longuza kule Muheza. Kisha tukaingia katika ukumbi mkubwa wa dansi, wenye mazulia na viti laini. Mtembezaji akatuambia tusimame hapo, tufikirie ukumbi huo ukiwa umejaa vitanda vya askari.

Aprili 1982 Argentina iliviteka visiwa vya Falkland, vilivyo kusini kabisa ya Atlantiki, na Uingereza ikaamua kuvirudisha kwa nguvu. Mwezi wa Mei serikali ikaichukua meli hii ya starehe. Kwa siku chache tu mafundi waliigeuza. Mazulia yakafunikwa kwa mabamba membamba ya mbao ili buti zisiyaharibu. Viwanja vya helikopta vikajengwa, nyuma na mbele. Madirisha yakafunikwa ili mwanga usitoke usiku. Wafanyakazi zaidi ya 600 wa meli, wakiwamo wanawake, walijitolea kwenda nayo, ingawa hawakuwa askari na hakuna aliyewalazimisha.

Tarehe 12 Mei 1982 iling'oa nanga Southampton ikiwa na askari wapatao 3,000: Walinzi wa Scotland, Walinzi wa Wales, na Wagurkha wa Nepal. Ilipita Freetown, Sierra Leone, kujaza mafuta na maji. Kutoka hapo ikaendelea kusini mpaka kwenye bahari ya milima ya barafu, usiku, taa zimezimwa na rada imezimwa isije ikagunduliwa. Ilifika kisiwa cha South Georgia tarehe 27 Mei, ikawashusha askari wale kwenda kwenye meli nyingine.

Wasomaji wapendwa, mimi ni mama wa watoto wanne, wawili wavulana. Mtembezaji alipoendelea nilishika kiti. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 8 Juni, meli iitwayo Sir Galahad ilipigwa na ndege ikiwa na askari ndani yake. Walinzi wa Wales 32 walikufa hapo. Walikuwa miongoni mwa vijana waliosafiri na meli hii wiki zile zote, wakala katika kumbi hizi na kulala juu ya mazulia haya yaliyofunikwa.

Na QE2 haikurudi tupu. Ilipakia watu zaidi ya 600 waliookoka kutoka manowari tatu zilizozamishwa, Ardent, Antelope na Coventry, baadhi yao majeruhi. Tarehe 11 Juni 1982 iliwafikisha Southampton. Mama yake Malkia, yuleyule aliyeshika mkasi mwaka 1938, alitoka na meli ya kifalme kwenda kuwalaki.

Nimewapokea majeruhi wengi maishani mwangu. Najua mtu aliyeungua anavyonuka, na najua anavyotazama dari. Niliutazama ule ukumbi wenye viti laini, nikaona wodi. Naam, niliiona wodi kabisa, na wale wahudumu wa mezani waliokuwa wamezoea kupeleka mvinyo, sasa wakipeleka chai kwa vijana waliokosa hata viatu.

Walio chini ya sitaha

Hapo ndipo binti yangu aliponivuta mkono, tukabaki nyuma kidogo ya wenzetu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, katika Coventry kulikuwa na dobi."

Sikumwelewa.

"Manowari za Waingereza zilikuwa na madobi, Wachina wa Hong Kong. Hawakuwa wanajeshi. Walifua tu na kupiga pasi. Coventry ilipozama walikufa watu 19, na mmoja wao alikuwa dobi. Nilisoma habari zake nilipokuwa nikisoma habari za meli hii. Jina lake limeandikwa pamoja na ya mabaharia."

Alinyamaza, kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Najua huwaambii watu kazi ninayofanya."

Akina mama, niliinamisha uso. Nilitamani sakafu ile ya meli ipasuke. Maana kweli nilikuwa nimemficha mwanangu kama mtu anayeficha deni. Na mimi ni nani? Mimi niliyeanza uuguzi kwa kusuuza shuka za wagonjwa kwa dawa ya kuulia vijidudu, mikono ikichubuka, kabla sijaruhusiwa hata kushika sindano! Mwalimu wetu wa uuguzi alituambia siku ya kwanza kwamba kidonda huanza kupona kwa shuka safi. Nimewafundisha wanafunzi neno hilo miaka yote, na binti yangu mwenyewe nikamnyima.

Nilimwomba msamaha palepale. Alinikumbatia, tukafuta macho kwa ncha ya mtandio wangu, tukawakimbilia wenzetu.

Baada ya hapo niliitazama meli kwa macho mengine. Tulipita kwenye korido ndefu za vyumba, ndefu hata sakafu yake huonekana kupanda kidogo mbele yako, kwa sababu meli zimejengwa omo na tezi zikiwa juu kuliko katikati. Ilipokuwa ikisafiri ilichukua abiria wapatao 1,800 na wafanyakazi wapatao 1,000. Fikirini hesabu hiyo kwa macho ya mwenye nyumba. Shuka ngapi, foronya ngapi, taulo ngapi, vitambaa vya meza vingapi, kila siku, na bahari inayumba! Abiria hukumbuka muziki na machweo ya jua. Lakini kama wale wa chini wangeacha kazi siku mbili tu, ule mji wote ungekuwa na harufu na maradhi. Nilimkumbuka babu na ngama yake. Chombo hukaa salama kwa sababu kuna mtu chini anayeteka maji, na hakuna anayemwona.

Meli ilipotia nanga

Mwaka 2007 meli iliuzwa kwa kampuni ya Dubai kwa dola milioni 100 za Marekani. Tarehe 11 Novemba 2008, siku Waingereza wanayowakumbuka waliokufa vitani, iliaga Southampton. Asubuhi hiyo ilikwama kwenye mchanga karibu na bandari yake mwenyewe, ikavutwa na matishali ya kuvutia meli, na baadaye ndege ndogo ikaimwagia maua mekundu ya karatasi milioni moja. Ilifika Dubai tarehe 26 Novemba. Kwa miaka 39 ilikuwa imesafiri karibu maili milioni 6 za baharini na kubeba watu wapatao milioni mbili na nusu.

Halafu ikakaa. Mwaka ule mtikisiko wa fedha uliitikisa dunia, mipango ya kuigeuza hoteli ya fahari ikasimama, na kwa karibu miaka kumi meli ikafungwa gatini bila wageni. Sasa imeamka, lakini haitakwenda popote. Hata yale maboti ya kuokolea watu yameondolewa ubavuni, maana hakuna safari ya kuyahitaji.

Tulikaa kwenye benchi la sitaha ya nyuma. Upepo wa Februari kule ni wa baridi ya kupendeza. Binti yangu akatoa mkataba wake kwenye mkoba, akaniwekea mapajani.

Jibu langu

Sikusema ndiyo papo hapo. Nilivaa miwani, nikausoma mkataba mstari kwa mstari kama ninavyosoma cheti cha mgonjwa. Kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wataletewa karatasi kama hiyo, nayaandika hapa mambo yaliyonisaidia.

Upo Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013. Unawahusu mabaharia wote, na dobi wa meli ya kitalii ni baharia sawasawa na fundi wa injini. Unasema wakala hana ruhusa ya kumtoza baharia ada ya kupatiwa kazi. Baharia anaweza kulipia cheti chake cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza hulipwa na mwenye meli. Basi mama, mtu akija kukuambia uuze shamba ili mwanao apate kazi melini, mfungulie mlango wa kutokea.

Tena, baharia apewe nakala ya mkataba uliotiwa sahihi. Apewe mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Akiugua atibiwe bila kutozwa. Mkataba ukiisha arudishwe nyumbani kwa gharama za mwenye meli, na asikae melini mfululizo miezi kumi na miwili. Saa 10 za mapumziko si nyingi, nawaambia kama mtu aliyekesha zamu nyingi za usiku. Ni kazi ngumu. Anayemwambia mwanao kwamba atakwenda kutalii anamdanganya.

Mkataba wa binti yangu ulikuwa na hayo yote. Nikaukunja, nikampa. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Ila kila meli ikifika bandarini unitumie neno, hata moja. Mikono yako uipake mafuta. Na usiache kusali kwa sababu hakuna kanisa." Kisha nikampigia baba yake simu pale pale sitahani. Alisikiliza, akasema, "Basi ni hivyo. Mwambie baba yake anambariki." Hakuniuliza kilichonibadilisha. Nilimweleza niliporudi, usiku mzima.

Aliingia melini Juni 2024. Nyumbani, ramani ya dunia ya mdogo wake ikahamia ukutani jikoni. Kila neno lilipokuja niliweka alama kwa kalamu nyekundu: Genoa, Marseille, Barcelona, na tena Genoa, mpaka duara likakolea. Mwezi wa Novemba mstari ukavuka Atlantiki hadi Santos, Brazili. Siku kumi bila neno, wakiwa katikati ya bahari, nilijua maana ya kuombea. Nilisoma sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, habari ya Paulo na watu 276 ndani ya merikebu iliyovunjika, na jinsi wote walivyofika nchi kavu. Hapo zamani nilikuwa nikimtazama Paulo peke yake. Safari hii niliwaza wale 275 wengine, na mama zao.

Machi 2025 alirudi. Amekonda, mikono imepasuka kwa sabuni na joto la pasi. Nilimkalisha mkekani, nikaipaka mikono ile mafuta ya mgando kidole baada ya kidole, kama alipokuwa mtoto. Alilala siku mbili. Siku ya tatu aliamka mapema, akakuta nimeloweka nguo za nyumba nzima, akanisogeza pembeni bila kusema neno, akaanza kufua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mwenzangu mmoja wa Umoja wa Wanawake aliniuliza, "Huyu ndiye yule wa Dubai? Anafanya kazi gani sasa?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo na wengine waliisikia, "Ni dobi. Dobi wa meli."

Mama yule akafurahi, akasema wa kwake ni mpishi katika meli za mizigo na hakuwahi kumwambia mtu. Kumbe tulikuwa wawili! Tangu siku hiyo, katika maombi yetu ya Alhamisi, tunawataja kwa majina vijana walio baharini. Nanyi mnaosoma, mtusaidie kuwaombea. Bwana awalinde huko chini ya sitaha, na awarudishe nyumbani.